Mshambuliaji Asiyekula Pilau

Sehemu ya kumi na moja

Wiki jana tulimwacha Kocha Chabani amejibanza nyuma ya ua wa matete, mjini Muyinga, jicho kwenye upenyo, jasho linamtiririka. Alikuwa anamtazama Olivier, nyota wa timu yake, Mshale ya Gitega, kijana ambaye wiki tatu nzima hakutia goli hata kwa bahati mbaya. Na Olivier alikuwa anampa mtu kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba.

Mtu huyo ni nani? Ni Husni. Golikipa wa Ngome ya Muyinga. Yule yule atakayesimama golini alasiri, kuwazuia Mshale wasiende fainali.

Mmengoja siku saba, sitawazungusha. Chabani aliruka ule ua.

"Nimewakamata!" akapiga kelele. "Donc, kumbe ni kweli! Gitega yote ilisema umenunuliwa, mi nikabisha, nikagombana na watu sokoni! Leta hapa!"

Akalipora lile jani, akalifungua.

Ilikuwa pilau. Pilau na vipande viwili vya nyama ya mbuzi, na pilipili moja kando.

"Shikamoo, mzee," alisema Husni kwa upole. Husni ni mtu wa Butihinda, lakini alikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na Kiswahili chake kimenyooka kama ukuta wa msikiti. "Kuna tatizo?"

"Tatizo iko hapa mkononi mwangu! Mumemununua kijana wangu kwa pilau?"

"Mzee, hiyo pilau ananipa yeye. Anayenunuliwa hutoa, au hupewa?"

Chabani akalitazama lile jani upya.

"Ni ya futari," Husni akaendelea. "Kaniambia amesikia kwamba anayemfuturisha mtu aliyefunga anapata thawabu kama zake. Nikaona haya kukataa. Nimezunguka ua wote tangu adhuhuri, mzee wangu. Katika wageni wetu wote kutoka Gitega, huyu peke yake ndiye niliyemkuta na saumu. Mna kijana mcha Mungu sana." Akalichukua jani lake, akalifunga tena vizuri. "Mungu akulipe, ndugu. Jina lako nani vile?"

"Olivier."

"Olivier?"

"Olivier."

Husni akamtazama kidogo. "Haya," akasema. "Mungu ana waja wengi." Akaenda zake.

Wakabaki wawili, Kocha na nyota.

Kwa msomaji aliyechelewa kutufikia, huyu Olivier ni mtoto wa Uvira, Mkongomani. Vita vya kwao vilimtoa yeye na dada yake Charlotte, wakaja Gitega wakakuta vita vya kwetu. Dada anauza vitenge sokoni, mdogo anacheza mpira. Kila Jumapili utamkuta kanisani, anaimba sauti ya chini. Na toka mwezi wa Ramadhani uanze, miguu yake imekufa. Anapiga mpira unakwenda kwa waokota kuni. Juma lililopita alianguka peke yake uwanjani, hakuna aliyemgusa.

Gitega ikagawanyika. Wengine walisema atolewe. Wengine wakasema nyota ni nyota, hata mawingu yakiifunika. Wengine walisema amenunuliwa, wengine amerogwa, na bibi mmoja muuza ndagala, yaani dagaa, akasema ni mapenzi, wakamcheka.

"Olivier," alisema Chabani, na sauti ilikuwa imeshuka. "Toka lini we unafunga?"

"Tangu mwezi uonekane, Kocha. Sikuacha hata siku moja."

"We si mtu wa kanisa?"

"Ego, ndiyo, niko wa kanisa." Akajikuna shingo. "Lakini niko njiani."

"Na daku unakula nini, ukaishiwa nguvu namna hii?"

"Daku ni nini, Kocha?"

Chabani akaona ardhi inazunguka.

"Daku, sha! Chakula ya usiku, kabla ya alfajiri! Kila mtu anaamka anakula, anakunywa maji, ndiyo anaweza kusubiri mpaka magharibi! Nani alikufundisha kufunga bila daku?"

"Hakuna mtu alinifundisha. Nilikuwa naangalia tu. Naona watu ya mtaa mchana hawakuli, jua ikizama wanakula. Na mi nikafanya vile."

"Na usiku hukuona kitu?"

"Usiku iko couvre-feu, Kocha. Nani anaangalia mtu usiku?"

Ni kweli. Miaka ile ya couvre-feu, amri ya kutotoka nje usiku, jua likishazama kila mtu anafunga mlango wake, na anayechungulia dirishani ana lake. Waislamu wa Gitega walikula daku yao gizani, sufuria imefunikwa kitambaa isilie. Basi kijana wa watu alijifunza nusu ya dini, ile nusu ya njaa, nusu ya sahani hakuiona. Magharibi anakula sahani moja ya maharagwe kwa dada yake, analala, na hapo saumu ya kesho imeshaanza.

"Na dada yako anasema nini?"

"Anazania mchana nakula na ekipe, na vijana wa timu. Akijua ananiua."

"Sasa we unajitesa hivi kwa ajili ya nani?"

Olivier akaangalia vidole vyake vya miguu. Akaangalia ua. Hakubaki na kingine cha kuangalia.

"Kwa ajili ya Swabra."

Yule bibi wa ndagala aombwe radhi.

Swabra ni binti wa Kocha Chabani. Hana mwingine. Na Swabra huyo, kabla mwezi haujaonekana, posa yake ilishapokelewa. Mchumba ni Haji Abubakari, mwenye duka kubwa, mwenye mke mmoja tayari nyumbani, mwenye lori lililowaleta Muyinga, na rais wa timu ya Mshale. Nikaha ni baada ya Idi. Haji amemzidi Chabani miaka mitatu, lakini siku hizi anamwita baba mkwe, na kila akimwita hivyo Chabani huhisi kama amevikwa koti la mtu mwingine.

"Swabra alikuambia nini?" Chabani aliuliza polepole.

"Alisema baba yake hawezi hata kutazama mwanaume ambaye hajafunga hata siku moja. Mi nikasema basi, ntafunga mwezi muzima. Siku ya Idi nakuja kwako nimekamilika."

"Swabra alisema hivyo."

"Alikuwa anacheka, Kocha. Lakini alisema."

Chabani akageuka pembeni, akajifanya anakohoa. Ndevu zake zilikuwa bado zinanukia bizari.

Maana nawaambia, yeye mwenyewe alikula sahani tatu za pilau ya wenyeji. Na hakutenda dhambi! Dini yetu ni ya huruma: msafiri ameruhusiwa kula, siku zake atazilipa nyumbani. Walipotoka Gitega jana, nyuma ya malori ya askari, lori halijapita hata nyumba ya mwisho ya mji, Mustafa, mshambuliaji wa akiba, alishauma andazi. Convoi, ule msafara, iliposimama njiani Mutaho kungoja njia isemwe ni salama, timu nzima ilikula mahindi ya kuchoma. Kumi na saba walikula kwa ruhusa ya Mungu. Wa kumi na nane hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ana haja ya kuambiwa.

Lilihitajika neno moja tu. "Msafiri anaruhusiwa, mwanangu. Kula." Basi. Kijana ale, apate nguvu, aingie uwanjani.

Chabani akafungua mdomo.

Akaufunga.

Mawazo yalikuwa yanampita kama malori ya convoi, moja nyuma ya jingine. Huyu akila, atacheza. Akicheza, mimi namjua, atatia goli. Akitia goli, Gitega yote itambeba mabegani mpaka mlangoni kwangu, naye ataomba Swabra mbele ya watu. Na hapo Haji ataona nini? Ataona aibu. Na Haji akiona aibu, timu imekwisha.

Hilo ndilo lililomchoma. Chabani ni fundi cherehani. Jezi za Mshale alizishona yeye, kitambaa kilitoka kwa Haji. Mipira ya Haji, lori la Haji. Na wale vijana si vijana wa mpira tu. Tangu mwaka vita vilipoanza, amewakusanya mmoja mmoja mtaani, huyu amepotelewa na baba, yule kaka yake amekwenda porini, akawapa mpira ili mikono yao isipate nafasi ya kushika kitu kingine. Miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyemtoroka kwenda kubeba bunduki, si ya upande huu, si ya upande ule. Timu ikivunjika, watakaa wapi jioni? Na nani atawapitia kwanza, askari au watu wa porini?

Haji alikwishasema waziwazi asubuhi ya leo: "Baba mkwe, Olivier akae benchi, amekwisha yule. Mustafa acheze. Na tukipigwa hapa Muyinga, mi navunja hii ekipe, nafuga kuku."

Kwa hiyo mambo yalikuwa mepesi. Haji anataka Olivier akae. Olivier hana nguvu ya kusimama. Kocha akinyamaza tu, kila mtu atakuwa amepata haki yake. Na mtu aliyenyamaza hakusema uongo, hasa mchana wa Ramadhani.

"Leo utakaa benchi," alisema Chabani.

"Mi niko muzima, Kocha."

"Unayumba kama mgomba."

"Jioni napona."

"Jioni mechi imeisha. Mustafa atacheza."

Olivier hakubisha. Akatikisa kichwa taratibu, kama mzee. "Sawa. Mi nitaendelea kuwaombea. Tangu jana nawaombea nyote."

"Unatuombea nini?"

"Mungu asiwakasirikie kwa ile pilau."

Chabani alikwenda kunawa uso.

*

Mechi ilianza saa nane kamili, ili watu wawahi kurudi makwao. Askari walizunguka uwanja, bunduki mgongoni, macho kwenye mpira. Sheria ilijulikana kwa wote: muda wa ziada hakuna, couvre-feu haimngoji mtu. Ikiwa droo, mwenyeji anapita. Gitega lazima ishinde.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile ndipo Chabani alipoelewa maana yake.

Akina mama wa Muyinga, wenyewe na saumu zao, walikuwa wamesimama jikoni toka asubuhi kupikia wageni. Na kila mgeni akisema ameshiba, wanamwongezea. "Kula mwanangu, wewe msafiri. Kula, njia ilikuwa mbaya." Mustafa hakutaka kuwavunja moyo mama za watu. Aliwaheshimu mpaka sahani ya tano.

Sasa Mustafa alikuwa anakimbia kama mama mwenye mimba ya mapacha. Nyuma yake timu nzima. Winga alisimama kila baada ya mbio moja, akishika ubavu. Beki aliteuka mbweu, na Ngome wakampita hapo hapo alipokuwa anateuka.

Goli! Moja bila, Muyinga.

"Gitega!" mtu akapiga kelele kutoka kwenye umati. "Mulikuja kwa mpira ao mulikuja kwa matanga?"

"Muongezeeni Mustafa sahani, bado iko na nafasi!"

"Musimutikise, atamwaga!"

Hata askari walicheka. Vijana wa Ngome, midomo mikavu, hawakucheka. Walikuwa wameamka alfajiri wakala daku yao kwa mpango, wakalala mpaka adhuhuri, na sasa walikimbia wepesi kama mbuzi wa mlimani.

Ikaja nafasi. Mpira ulimwangukia Mustafa mbele ya goli, Husni peke yake, hata mtoto angepachika. Mustafa akainua mguu. Akaushusha. Akachuchumaa palepale, mikono tumboni, macho yamemtoka.

Husni alikuja akauokota mpira miguuni pake. "Pole, ndugu yangu," akamwambia. Na alimaanisha.

Filimbi. Mi-temps, mapumziko.

Haji Abubakari alikuja mbio kutoka kwenye kiti chake, kofia imekaa upande, pindo la kanzu amelishika mkononi.

"Chabani! Mtoe huyu Mustafa! Mtoe kabla hajazaa hapa! Weka Olivier!"

"Haji, asubuhi ulisema Olivier asikanyage uwanja."

"Asubuhi nilikuwa sijamuona Mustafa!"

"Ulisema amekwisha."

"Alors basi, mtu aliyekwisha si bora kuliko mtu aliyejaa? Weka Olivier, nakuambia, baba mkwe. Mi sirudi Gitega kuchekwa. Tukipigwa, kesho tukifika jezi zote zinakuja dukani kwangu, na ninyi kila mtu ajue kwao."

Vijana walikuwa wamelala majanini, wanapumua kwa midomo. Walisikia. Mmoja, yule ambaye kaka yake yuko porini, alianza kuivua jezi yake, akaikunja vizuri juu ya goti, kama mtu anayejizoesha.

Chabani alimwona. Afadhali asingemwona.

"Hana nguvu, Haji," akasema kwa sauti ndogo. "Olivier hajakula."

"Hajakula? Kwa nini hajakula? Mpe ale!"

Na hapo, wasomaji wangu, tazameni kazi ya Mungu. Haji Abubakari hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe mpaka kwa mama aliyekuwa anauza ndizi kando ya uwanja, akarudi na kichana kizima, na chupa ya Fanta kwapani. Akamchuchumalia Olivier. Akamenya ndizi ya kwanza kwa mikono yake, mikono ile yenye pete, akamnyooshea mdomoni.

Mchumba anamlisha mwizi wa mchumba wake.

"Kula, kijana wangu. Kula."

Olivier akageuza uso. "Asante, patron. Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kula."

"Anaogopa sumu?" Haji akamgeukia Chabani. "Huyu anafikiri mi namtilia sumu? Mwambie ale! We ndiye baba yao!"

Umati wa Muyinga ulikuwa unatazama. Vijana walikuwa wanatazama. Ndizi ilikuwa imenyooshwa hewani, nusu imemenywa.

Chabani akamshika Olivier mkono, akamsogeza kando hatua chache.

Alijua neno hili litakwenda wapi. Lingekwenda golini, kisha Gitega, kisha mlangoni kwake. Akalitazama goti la yule kijana na jezi iliyokunjwa. Akalisema.

"Olivier. Msafiri anaruhusiwa."

"Anaruhusiwa nini?"

"Kula. Mtu aliye safarini anaweza kula, siku hiyo atailipa baadaye akifika kwake. Ndiyo maana sisi wote tulikula."

Olivier akaitazama kwa mbali ile ndizi ya Haji.

"Nani alisema?"

"Mungu alisema. Iko ndani ya Kitabu."

"Mungu mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kocha, mi nilizania mumekosa dini! Jana yote ndani ya lori nilikuwa natetemeka kwa ajili yenu. Mutaho pale, wakati wa mahindi, mi nililia!"

"Nilikuona. Nilijua ni vumbi."

"Na we ulijua hii tangu saa saba? Pale kwenye ua, ulijua?"

Kwa mara ya pili siku ile Chabani alinyamaza, lakini safari hii kunyamaza kwake kulisema kila kitu.

Olivier akamtazama. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nikila sasa," akasema, "saumu zangu zingine zinabaki? Hazianguki?"

"Zinabaki zote."

"Hata bila daku?"

"Bila daku, mwanangu, zako labda zina thawabu kuliko zetu."

Neno "mwanangu" lilimponyoka tu. Hakulirudisha.

Olivier alikwenda akaipokea ile ndizi mkononi mwa Haji. Akala. Akala ya pili, ya tatu, ya nne. Fanta akainywa macho yamefumbwa, na machozi yakamtoka, maana hajaonja kitu mchana toka mwezi uanze.

"Ona!" alisema Haji kwa furaha, akimpangusa kijana mabega. "Ona anavyokula! Mi ndiye nimemrudisha!"

*

Wenye shule watasema ndizi nne haziwezi kumrudisha mtu uwanjani kwa dakika kumi. Sawa. Wao wakaandike yao. Mimi nawaambia yaliyotokea.

Dakika za kwanza Olivier alitembea tu. Umati ukazomea: "Mwingine huyo! Mgonjwa ameingia kumpokea mgonjwa!"

Kisha mpira ulimjia kifuani. Akautuliza. Akageuka, na beki wa Ngome akabaki anamtafuta upande ambao hayupo. Guu la kushoto.

Husni aliruka, akagusa upepo.

Moja moja!

Chabani hakupiga makofi. Haji alimpigia makofi yeye, mgongoni, pa! pa! pa! "Nilikuambia! Nilikuambia, baba mkwe! Jicho langu halikosei!"

Droo ni ya mwenyeji. Muda ulikuwa unayoyoma. Vijana wa Ngome sasa jua la alasiri lilianza kuwakamata, koo zimekauka, wanatazama mabonde kama watu wanaoona mto. Na vijana wa Mshale, matumbo yameanza kushuka, wakainuka mmoja mmoja. Pilau ile ile ya akina mama, iliyowalaza kipindi cha kwanza, sasa ilikuwa kuni.

"Kimbieni!" Chabani akajikuta anapiga kelele. "Mumpe Olivier! Mumpe!"

Wakampa. Kona, vichwa vimejazana, mwamuzi ameshaweka filimbi mdomoni. Olivier akainuka katikati yao, mwembamba kama fito. Hakuuona mpira. Ulimgonga tu kwenye paji la uso, ukaingia.

Mbili moja.

Filimbi.

Gitega wako fainali!

Uwanja ukapasuka. Yule kijana wa jezi iliyokunjwa alikuwa ameivaa tena, kinyumenyume, anakimbia bila kujua aendako. Mustafa alilia na kucheka, bado ameshika tumbo. Chabani alikaa chini palepale, akamshukuru Mungu. Timu ilikuwa imesalimika. Kwa dakika moja nzima alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika mkoa wa Muyinga.

Halafu Haji Abubakari akamfikia Olivier.

Alimbeba juu! Mtu mzima, na kanzu yake. Akamweka chini, akamkumbatia, akainua mkono wa kijana mbele ya umati, kofia imeshaanguka zamani.

"Sikilizeni!" alipaza sauti. "Watu wa Muyinga, sikilizeni, na ninyi wa Gitega! Huyu kijana nilisema amekwisha. Nilikosa! Sasa namwambia mbele yenu wote. Omba! Kitu chochote kinachoitwa changu, omba, nakupa!"

"Haji," alisema Chabani, akijaribu kusimama. "Haji, ngoja, twende kwanza tukaoge..."

"Usinikataze, baba mkwe! Wallahi nakupa, Olivier! Mwezi huu mtukufu ndio shahidi wangu!"

"Na mimi nimesikia," alisema Husni, ambaye alikuwa amekuja kuwapa mikono. "Kiapo cha Ramadhani ni kizito, Haji."

"Kiwe kizito! Mi niko na mabega!" Watu wakacheka, wakashangilia. "Omba, kijana!"

Olivier alikuwa anahema. Alimtazama Haji, kisha akamtazama Chabani, na Chabani akatikisa kichwa, kidogo tu, macho yanamsihi.

"Kitu chochote, patron?"

"Chochote!"

"Hata kama bado hakijafika nyumbani kwako?"

Haji akacheka mpaka akashika magoti. Alikuwa na mzigo wa baiskeli mpya unaotoka Tanzania, na Gitega yote ilijua. "Ah, huyu mjanja! Amesikia! Hata kama iko bado njiani, hata kama iko kwenye douane, kwa watu wa ushuru! Sema tu. Iko wapi hiyo kitu?"

"Iko Gitega, patron."

"Gitega? Imeshafika?"

"Ilizaliwa huko." Olivier akanyoosha kidole, polepole, kwa adabu, kama mtu anayeonyesha mlango wa nyumba ya kwao. "Na baba yake ni huyu hapa."

Haji Abubakari bado alikuwa anacheka.

"Baba yake?" akasema. "Kitu gani tena iko na baba, sha?"

Akacheka peke yake. Kisha kicheko kikaanza kupungua, na watu wote wa Muyinga wakamgeukia Chabani.